Tramu Inapoishia

Asubuhi ya siku ya kaka, dada wa Kolkata nzima wanapowapaka kaka zao liwa ya sandali kwenye paji la uso, mama mkwe wangu Nirupama alitoweka na sahani yake ya sandali na peremende.

Kaka hana tena. Mjomba Khokon alikwisha kufa, kule Haora, ng'ambo ya mto. Mume wangu Somnath akawaka. "Si nilisema wiki nzima? Akili zimemruka! Leo hii nanunua kufuli, hatoki tena peke yake."

"Nunua kubwa," nikamwambia, maana nilishachoka.

Mama mabasi hapandi, anasema yana kiherehere. Nikaifuata reli ya tramu ya barabarani mpaka kituo cha mwisho, karibu na daraja. Nikamkuta ndani ya tramu tupu, kiti cha mbele, katulia tuli.

"Mwache kidogo, dada," kondakta akaniambia mlangoni. "Huja kila mwaka. Na mwaka huu ndio basi tena, mwezi ujao njia hii inafungwa."

Kila mwaka! Na sisi alituaga kwamba anakwenda hekaluni.

"Mama, twende nyumbani. Tramu haivuki daraja siku hizi."

"Unanifundisha wewe?" akafoka. "Nilipoolewa ilikuwa ikinishusha mlangoni kwa Khokon. Wakang'oa reli za kule, ikaishia ng'ambo ya daraja, akawa anakuja kunipokea. Wakasema daraja limechoka kuibeba, ikaishia hapa. Akawa anavuka kwa miguu, nampaka kwenye kiti hiki hiki, watu wanatucheka. Alipokufa sikuona sababu ya kuacha."

Akachovya kidole cha mwisho kwenye sandali, akaupaka ubao wa upande wa pili wa kiti, mahali pa Khokon, huku akinong'ona yale maneno ya siku hii, ya dada kumzuilia kaka yake mauti mlangoni. Mwanamke huyu hakuwa amepotea hata hatua moja.

"Na mwakani, Mama?"

"Mwakani safari itaishia mlangoni kwenu. Nitampaka pale pale kizingitini," akasema akifunika sahani. "Kama hamjanitia kufuli. Mnadhani sisikii?"

Simu yangu ikalia. Somnath, kwa furaha: "Nimelipata! La shaba, zito kweli kweli!"

"Lirudishe dukani," nikamwambia. "Mama yako anarudi mwenyewe. Mimi ndiye ninayemfuata nyuma."