Mjusi Apata Kwake

Tangu aletwe, mjusi wa binti wa fundi cherehani alikuwa amegoma kula, amejikunyata ndani ya ndoo kama mgeni asiyekaribishwa. Mama mkwe wa fundi alisema, "Mwanangu, huyo hafiki kesho. Mtoeni nje."

Fundi alisafisha tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki, akatandika mchanga, akaegemeza gome la mti, akafunga balbu ya joto upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili. Kifuniko alikishona kwa chandarua, akakitia mpira kama wa kiunoni mwa sketi.

Mjusi alipanda gome, akaota joto, kisha akamdaka nyenje aliyetiwa humo, kufumba na kufumbua.

"Mama, amekula," binti alinong'ona.

Fundi alisimama kifua mbele. Mama mkwe alisogeza kiti karibu na tangi. "Mpeni mwingine," alisema.