Baiskeli Iliyotazama Nyuma

Karakana ya Spoku, fundi baiskeli, ilikuwa nyembamba kama koo la chupa. Baiskeli ikishaingia haina pa kugeukia, na mteja akitaka kupita, fundi huvuta tumbo ndani. Ndiyo maana mikono yake ilijitafutia njia: huisimamisha baiskeli kwa gurudumu la nyuma, huipindua mpaka usukani uje upande wa mlango, magurudumu juu, huitengeneza, kisha huilaza ubavu na kuiinua. Imeingia ikitazama ukuta, inatoka ikitazama barabara. Mtaa ulimcheka. "Kwako hata baiskeli inajua kuaga," walisema. Yeye alishasahau kwamba anafanya hivyo. Nani anakumbuka anavyofunga vifungo vya shati?

Wazo la jangwa halikuwa lake. Lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu wa maneno mengi na pumzi chache.

"Shemeji, hebu nitazame," alisema siku moja, mguu ukiendelea kukanyaga. "Tangu ujana napiga pedali na bado niko hapa hapa dirishani. Nataka nikanyage nifike mahali."

"Si ufike sokoni kwanza?"

"Sokoni hata mbuzi wanafika."

Mbio zilikuwa za wawili wawili, kulikata jangwa toka ukingo hadi ukingo, na mahema ya maji njiani. Dada aliposikia, alikuja akasimama mlangoni mwa karakana, mwanga wote ukazibwa.

"Yule nikimwambia kitu, kinaingia sikio hili kinatokea lile. Nakuambia wewe. Unamchukua mzima, niletee mzima. Ukirudi peke yako, mdogo wangu, usibishe hodi kwangu. Pitiliza."

Spoku alicheka. Dada hakucheka.

Sasa alikuwa katikati ya mchanga, peke yake.

Shemeji alikuwa ameanguka nyuma huko. Misuli ya miguu ilimkaza ikawa kama kuni, midomo ikampasuka, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Simu zao zilikuwa zimezimika kwa joto. Gari la kuokota walioshindwa lingepita jioni, na maji yao yasingefika jioni. Spoku alimjengea kivuli kwa shuka na baiskeli ya shemeji mwenyewe, akamwachia maji yote yaliyobaki, akaondoka kulifuata hema lililo mbele.

"Nikichelewa, usiondoke hapo."

"Niende wapi, shemeji? Nina miadi?"

Hakuwa amefika mbali tairi lilipolia pshii. Waandaaji wa mbio walikuwa wamewafundisha kanuni moja: ukishuka, elekeza gurudumu la mbele kule unakokwenda, wala usiliguse. Jangwani hakuna kona, hakuna duka la kukumbukia. Gurudumu ndiyo dira yako. Spoku alishuka, akalielekeza vizuri. Kisha upepo ukaja na vumbi, akajikunyata juu ya kazi yake: akatoa tyubu, akasugua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo. Alipoinua macho, dunia ilikuwa imefutwa. Jua halionekani. Alama za tairi zimefagiwa. Juu rangi ya vumbi, chini rangi ya vumbi.

Gurudumu la mbele lilikuwepo. Alilifuata.

Alikanyaga, na hofu ikapanda karia ikakaa nyuma yake. Hema halikuja. Kila kituta kilifanana na mwenzake kama mayai ya kuku mmoja. Ulimi ulikuwa umegeuka kipande cha ngozi kinywani. Alimwona dada yake akiwa mlangoni, hasemi kitu, akitazama tu nyuma yake kuona kama kuna mtu mwingine anakuja.

Ndipo akasikia mlio.

Ting. Kimya. Ting.

Mbele yake hapakupaswa kuwa na mtu kabla ya hema. Alitaka kugeuka akimbie, lakini akimbilie wapi? Akasogea akiisukuma baiskeli. Ting. Vumbini kukatokea kitu kama kaburi, halafu kaburi likawa shuka, na chini ya shuka mkono umeshika mkasi wa cherehani, unagonga spoku za baiskeli.

"Umerudi upesi," shemeji akasema, sauti kama mchanga. "Maji yako wapi?"

Spoku alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Mikono ile! Iliipindua baiskeli kama vile ukuta uko mbele na mlango uko nyuma. Katikati ya uwazi wote wa Mungu, mikono ilikuwa bado iko karakanani.

"Maji hakuna," alisema. "Nilipindua baiskeli."

Mabega ya shemeji yakatikisika. Spoku alidhani analia.

"Umeitoa mlangoni," akasema. "Mteja mimi hapa."

Chupa ilikuwa tupu. Kumwacha tena Spoku hakuweza. Angerudi akute shuka tu. Lakini jambo moja alilijua sasa, la pekee katika jangwa lile zima: hema liko nyuma ya mgongo wake, kwa mstari ule ule aliojia. Aliibeba baiskeli kwa mikono miwili, mbele ikawa nyuma, akaiangalia mara mbili, akaiangalia tena. Akampandisha shemeji kwenye karia na kumfunga kwa shuka kiunoni kama mtoto.

Mchanga ulikataa. Alikanyaga, alishuka akasukuma, akapanda tena. Kila aliposimama alishika usukani kwa mikono yote miwili, hakuuachia hata kufuta macho. Alihofia mikono yake mwenyewe kuliko jua.

"Gonga mkasi," alimwambia. "Nikusikie."

Ting, nyuma yake. Ting. Kisha muda mrefu usio na kitu.

"Shemeji!"

Ting.

Mlio ulizidi kuwa mbali, ingawa uzito ulikuwa pale pale mgongoni. Hata alipoiona bendera ya hema ikipepea vumbini hakuamini, aliona ni shati la mtu aliyekufa. Watu walitoka mbio. Wawili wakamfungua shemeji, wakamlaza, wakamtia maji mdomoni kwa kijiko. Spoku hakutazama. Alibaki ameshika usukani, akisikiliza.

Mmoja wao alikuwa na simu inayoshika mawimbi, Spoku akampigia dada yake. Dada alipopokea hakusalimia.

"Uko na nani?"

Kabla Spoku hajajibu, nyuma yake mkasi ukagonga kijiko.

Ting.

"Huyo nani anagonga?" dada akauliza, na sauti ikamvunjika, kwa kuwa alishajua.