Ndevu za Salme Vaher

Tk, tk, tk. Jiko la vigae la kupashia chumba joto lilikuwa likipoa gizani, na ilikuwa saa kumi za jioni tu. Desemba ya Tallinn, mji wetu wa kaskazini, haina haya.

"Washa taa basi, Mama Salme," nikamwambia. "Gari inangoja."

"Anayekwenda kuaibika hahitaji taa," akajibu, akiendelea kujipaka gundi kidevuni.

Miaka arobaini iliyopita Salme Vaher alikimbia kwenye shamba la shayiri katika filamu, akaanguka, akalia, "Ningoje!" Nchi nzima ikalia naye. Hadi leo sokoni watu humuuliza kama goti limepona. Jukwaani amecheza malkia sita. Hao hakuna anayewajulia hali. Sasa ni mwaka wa tatu hajapewa nafasi yoyote, na asipoipata, mkataba wake unakwisha Januari. Urmas Kiviste, mwongozaji mpya wa jumba letu la michezo ya kuigiza, alitangaza kwamba sauti ya Salme imechoka. Kwa kijana yule kila kitu kimechoka: pazia, watazamaji, hata mvua.

Krismasi ikifika, waigizaji wetu hukodishwa kuwa Mzee wa Krismasi, wapeleke zawadi nyumba kwa nyumba. Siku hiyo mwenye zamu alishikwa na homa, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani? Ya Kiviste. Salme akachukua ndevu. Mimi, fundi wa mavazi, nikabeba gunia.

Kwetu hupati zawadi bila kusema shairi, uwe mtoto au waziri. Liisu, binti wa Kiviste wa miaka mitano, alilisema lake bila kukosea. Akabaki baba.

"Wewe mwenye nyumba! Simama wima!" Salme akanguruma, soseji za damu za sikukuu zikatetemeka sahanini.

Kiviste akacheka, akaanza, akakwama ubeti wa pili.

"Mbona unatafuna maneno kama ng'ombe? Tazama watu! Rudia!"

Alirudia mara tatu, jasho likimtoka. Kisha akamkumbatia Mzee.

"Umejificha wapi, mzee wangu? Sauti hii nimeitafuta mwaka mzima! Mfalme katika mchezo wangu wa Januari ni wewe. Naapa mbele ya familia yangu!"

Salme akazibandua ndevu taratibu, kama avuaye taji.

"Aa... Mama Salme," Kiviste akababaika. "Unajua, mfalme ni... yaani... tutazungumza, labda mwakani..."

Liisu akamvuta baba yake mkono, akamtazama usoni.

"Baba, umeshaapa."