Kwenye Simu Umefunguka

Bwana Borafya alipobadilisha kitasa cha nyumba yake ya Kiponda, mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, ya mawe na chokaa, aliyorithi kwa baba yake. Mwenyewe anaishi Dubai, na nyumba ameifanya ya kulaza wageni. Wageni walikuwa wakipoteza funguo kila siku, kwa hiyo akaleta kitasa kisicho na tundu. Unabonyeza namba, mlango unafunguka. Yeye hata huko Dubai anaweza kuufungua kwa simu.

Mbarouk, mshona kanzu ambaye cherehani yake inatazamana na mlango ule, hakukipenda.

"Mlango hauna ufunguo! Umeme ukikatika je?" aliuliza.

"Kina betri," alijibu Bi Kidawa.

Bi Kidawa ndiye aliyekuwa akiisafisha nyumba ile. Alikuwa mjane wa makamo, akija kila siku kutoka Mwanakwerekwe. Yeye kitasa alikipenda. Zamani alikuwa akisimama mlangoni na ndoo yake kumngoja mwenye funguo; sasa anabonyeza, anaingia, kama nyumba ni yake. Alimwonyesha hata bintiye, Mayasa, akaringa kidogo.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu. Siku moja alikuwa akipangusa meza ukumbini, sauti ya Bwana Borafya ikatoka ukutani: "Bi Kidawa, hapo pembeni umeparuka." Bilauri ikamponyoka. Alijua ukutani kuna kamera; hakujua kuwa husema pia. Tangu siku ile hakuvua mtandio ndani ya nyumba ile, joto liwe vipi, na akawa akisalimia ukuta anapoingia, asije akaonekana hana adabu.

Masika yakaingia. Alhamisi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri bila ya kupumua. Wageni waliondoka mapema kuwahi boti, na Bi Kidawa akaja baada ya adhuhuri kutoa mashuka. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa ule mlio wake mdogo. Alikuwa juu, anavua foronya, umeme ulipokatika.

Katika ukimya ule ndipo alipousikia mchanga. Ulikuwa ukidondoka kutoka darini, baina ya boriti na boriti, juu ya shuka jeupe alilolikunjua. Akanyanyua uso. Ukuta wa upande wa choo ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini, na ufa ulikuwa mpana wa kuingiza mkono. Maji yalikuwa yakipita ndani yake.

Hakuna mtu wa mjini asiyejua nyumba hizi hufanya nini wakati wa masika. Bi Kidawa aliacha mashuka pale pale, akateremka ngazi mbio, akabonyeza namba.

Kitasa hakikuwaka. Akabonyeza tena. Akavuta mlango kwa mikono miwili, haukutikisika. Madirisha ya chini yote yalikuwa na vyuma, vilivyotiwa ili wezi wasiingie. Akatoa simu.

"Bwana Borafya, mlango umekataa, na ukuta wa juu umepasuka. Nyumba inaanguka!"

"Tulia, Bi Kidawa. Ngoja nikufungulie." Alimsikia akibonyezabonyeza. "Nshakufungulia. Vuta."

Akavuta. "Haufunguki."

"Umefunguka. Kwenye simu yangu umefunguka, nnaona alama ya kijani. Vuta kwa nguvu."

"Nnavuta, bwana!"

"Basi huvuti vizuri. Nnakwambia huo mlango uko wazi."

Nyuma yake jiwe lilianguka kwenye ngazi, likaporomoka daraja moja moja mpaka miguuni pake. Bi Kidawa alihisi joto likimteremka mapajani, akajua mkojo umemtoka. Alianza kuupiga mlango kwa ngumi na kwa bega, akipiga ukelele ambao mwenyewe hakuutambua kuwa ni wake.

Mbarouk aliusikia. Alivuka uchochoro na mvua yote ile, na wanaume wengine waliokuwa wamejikinga barazani wakamfuata.

"Bi Kidawa! Kuna nini humo?"

"Nyumba inaanguka! Nitoeni!"

Wakasukuma kwa mabega. Mlango ule ulikuwa wa kuchonga, mzito, na mfaa wake, ile nguzo ya katikati, ulikuwa mnene kama paja la mtu. Mmoja alikimbia akarudi na mtaimbo. Lakini mtaimbo ulipofika, hakuna aliyeunyanyua. Bi Kidawa aliwasikia wakibishana.

"Huu mlango wa urithi, unalindwa na serikali. Ukiuvunja unakwenda ndani."

"Asubiriwe fundi wa kitasa."

"Na mwenyewe akitushtaki?"

Kisha sauti ya Mbarouk, karibu kabisa na mbao: "Bi Kidawa, umezungumza na mwenyewe? Mwenyewe anasemaje?"

Simu ilikuwa bado sikioni. Bwana Borafya alikuwa amesikia yote. "Waambie wasiuguse!" alikuwa akisema. "Umechongwa enzi za babu yangu. Nnampigia fundi sasa hivi, anakuja. Bi Kidawa? Unanisikia? Umefunguka huo, nakuapia."

Juu kitu kikubwa kikalia, kama mti unaopasuliwa. Vumbi la chokaa likajaa ukumbini, akawa haoni ngazi. Bi Kidawa akaikata simu.

"Mwenyewe anasema vunjeni!" akapiga kelele. "Kasema vunjeni!"

Mtaimbo ukaingia. Walipiga, wakapinda, wakapiga. Mfaa ukalia, ukakatika, na bawa moja la mlango likafunguka kiasi cha kupitisha mtu. Mikono ikamvuta nje. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya uchochoroni, mvua ikimlowesha mwili mzima, akashukuru kwamba hakuna atakayejua kilichomtoka. Bado hawajamnyanyua, upande wa nyuma wa nyumba ukaanguka, choo, ngazi na chumba cha mashuka, kwa kishindo kilichotikisa mabaraza.

Siku chache baadaye Ubwa, fundi aliyekifunga kitasa, alikwenda Mwanakwerekwe kumjulia hali. Alikuwa kijana mwenye heshima.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Niambie, kwa nini kilikufa?"

"Betri zimeingia unyevu. Kitu kidogo tu."

"Na yeye alionaje kuwa umefunguka?"

Ubwa alikuna shingo. "Simu inaonyesha kuwa amri imetumwa. Mlango wenyewe umefanya nini, hiyo haijui."

Bega lilikuwa linamuuma Bi Kidawa, na usingizini bado alikuwa anavuta mlango.

Kiponda hawakukubaliana. Wenye vitasa kama kile, wengine waling'oa wakarudisha makufuli. Wengine walisema kosa ni la nyumba mbovu, kitasa kimesingiziwa tu, wakaendelea. Bwana Borafya alituma sauti ndefu kwa Bi Kidawa, akimwuliza nani alitoa ruhusa. Aliisikiliza mwanzo tu, akaifuta. Lakini maneno yale yalimfikia Mbarouk pia.

Bi Kidawa alipokwenda kumshukuru, alimkuta anatia vifungo kanzu. Alikaa, akamweleza kuwa alidanganya.

"Nshajua," alisema Mbarouk.

"Ningekwambia kweli, kuwa amekataa, ungevunja?"

Mbarouk aliiweka sindano chini. Alitazama ng'ambo, pale mlango ulipokuwa, palipozibwa mabati.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui, Bi Kidawa. Nimejiuliza sana."

Hofu hii ya pili, kwamba huenda angeachwa mle ndani, ilimkaa kuliko ile ya nyumba kuanguka. Hakumlaumu. Alimshukuru tena, akaondoka.

Mwezi uliofuata Mayasa alimpeleka hospitali kwa ajili ya lile bega. Ilikuwa hospitali mpya, yenye mlango wa kioo unaojifungua mtu akiukaribia. Watu walikuwa wakiingia na kutoka bila hata ya kuutazama. Bi Kidawa alifika hatua chache karibu yake, akasimama.

"Pita, mama," alisema mlinzi. "Unafunguka wenyewe."

"Ndicho nnachokiogopa," alijibu.

Watu walikuwa wameanza kujazana nyuma yao, mmoja akacheka. Mayasa alitangulia, akasimama katikati ya kizingiti na kuubana mgongo wake kwenye kioo, akanyoosha mkono, akangoja mpaka mama yake alipopita.