Wimbo wa Kaanaeli Ulipochapishwa Berlini

Sanduku lilifika Usa, chini ya mlima Meru, mchana, juu ya gari la ng'ombe lililotoka stesheni ya Moshi, na Bibi Elsbeti, mke wa Mjerumani mwenye shamba, hakungoja hata lishushwe. Alipanda garini mwenyewe na sketi yake ndefu, akabandua mbao kwa patasi, akachakura ndani ya majani makavu mpaka akatoa furushi la karatasi. Kisha akaita kwa sauti ya furaha ambayo Ndeshi hakuwahi kuisikia tangu aanze kumlelea mtoto.

"Ndeshi! Acha nguo hizo! Njoo uone!"

Ndeshi alikuja akijipangusa povu mikononi. Sadoki, mpishi wa nyumba ile, naye akatoka jikoni na kisu chake, maana sanduku la kutoka Ulaya halikuwa jambo la kila siku.

Karatasi zilikuwa kubwa, zimekunjwa mara moja. Ndani kulikuwa na mistari mitanotano iliyojaa vidoto vyeusi, kama siafu wanaovuka njia. Nje kulikuwa na picha ya rangi: mwanamke mweusi amekaa chini ya mnazi, bangili hadi kwenye kiwiko, anatazama maji mengi.

"Huyu ni nani?" Ndeshi aliuliza.

"Ni wewe!" Bibi alicheka, mashavu yamemwiva. "Mchoraji ni mtu wa Berlini, hajawahi kufika huku. Lakini ni wewe."

Sadoki aliinamia picha. "Wamekupa na mnazi, Mama Kaanaeli! Mnazi Meru umetoka wapi? Labda walisimuliwa mgomba, wakauchora umekonda."

Halafu akauma ulimi. Tangu masika hakuna mtu aliyekuwa amemwita Ndeshi kwa jina hilo. Aliangalia kisu chake kana kwamba ndicho kilichosema, akarudi jikoni.

Bibi hakuona kitu. Alikuwa amekwisha kuingia ndani, amekifungua kinanda, ameisimamisha karatasi mbele yake. Alipiga sauti nne za kwanza, na Ndeshi, pale mlangoni, alishika mwimo.

Ulikuwa ni wimbo wa mwanawe.

Kwa ukoo wa mama yake Ndeshi, kila mtoto alitungiwa wimbo wake mwenyewe. Haukuwa wimbo wa kuazima kwa jirani. Mama aliutunga mtoto akicheza tumboni, akauimba kwa mara ya kwanza mbele ya wanawake siku ya kumpa jina, na jina lenyewe lilikuwa ndani yake. Mtoto akikua, alikwenda nao mpaka uzeeni. Na mtoto akifa, mama aliuimba mara moja ya mwisho pale alipozikwa, kati ya migomba, kisha akaufunga mdomoni. Hakuna aliyeuimba tena. Walisema wimbo ukiitwa, mwenyewe anageuka kuangalia nani anamwita, na mtoto anayegeukageuka hafiki anakokwenda. Wala mama aliyefiwa hakuweza kumtungia mtoto mwingine wimbo kabla ule wa marehemu haujanyamaza.

Kwenye misheni ya Nkoaranga, ambako Ndeshi alijifunza kusoma katika shule ya jioni, walimwambia mtoto aliyebatizwa yuko mikononi mwa Bwana na wimbo haumwiti. Ndeshi alisadiki. Lakini aliufunga wimbo vilevile.

Kaanaeli alipokuwa hai alikuja naye kazini mgongoni. Mchana wakati wa joto alimlaza kwenye mkeka pamoja na mtoto wa Bibi, Otto, akawaimbia wote wawili, na Otto aliyekuwa mbishi wa usingizi alilala kabla ya mwenye wimbo.

*Kaanaeli, mkono mdogo,*
*shika kidole cha mama,*
*tukaone kahawa imechanua,*
*tukarudi kabla ya ukungu.*

Bibi alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Siku moja alimwomba amwimbie polepole, naye akaandika vidoto. Ndeshi alifurahi. Alidhani ni kama mchungaji anavyoandika majina ya waliobatizwa: unaandikwa ili usipotee. Bibi naye alikuwa na kaka Berlini, mwenye duka la kuchapa nyimbo za kuuza, za watu kucheza na kuimba majumbani. Alimpelekea. Masika yakaja, na homa ikaja nayo. Kaanaeli alizikwa mvua ikinyesha.

Sasa kinanda kilikuwa kinamwita. Tena kilikuwa kinamwita mbio, kwa mdundo wa kuruka.

"Bibi," Ndeshi alisema. "Bibi, nakuomba. Acha."

Bibi aligeuka. Alipomwona uso, mikono yake ilibaki hewani.

"Si vizuri? Wameuharakisha kidogo. Watu wa mjini wanapenda kucheza."

Ndeshi alimweleza. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha leta hiki na peleka kile, na cha Ndeshi nacho kilikuwa cha pili baada ya Kimeru, kwa hiyo alirudia mara nyingi: mtoto amekufa, wimbo nao umelala, ukiimbwa anageuka. Bibi alielewa polepole. Aliinuka, akamtazama Otto aliyekuwa anatambaa chini ya meza, akafunga kifuniko cha kinanda taratibu sana kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala.

"Sikujua," alisema. "Mungu wangu. Nilimletea sanda, sikujua hili."

"Nirudishie, Bibi."

"Chukua. Chukua zote." Alimpa furushi zima. Kisha akasita. "Lakini Ndeshi, kule dukani kwa kaka yangu ziko nyingine. Nyingi."

Ndeshi alifikiri. Alijua kuchapa ni nini. Kitabu cha nyimbo za kanisani alichokuwa nacho yeye, alikuwa nacho na jirani. Lakini zile ni nyimbo za Mungu, na Mungu ni wa wote. Huu ulikuwa wimbo wa mtoto mmoja wa Nkoaranga. Nani Ulaya angetoa pesa amwimbie mtoto asiyemjua, asiyejua hata mama yake ni nani?

"Hizo hazina neno, Bibi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Nani atazinunua? Zitakaa tu kwenye rafu."

Bibi alianza kusema kitu, kisha akainama kumtoa Otto chini ya meza.

Jioni ile Ndeshi alipanda mlima na furushi kichwani. Mama mkwe wake, Penina, alikuwa anamenya ndizi.

"Umeleta nini? Wazungu wameanza kulipa kwa makaratasi?"

"Ni wimbo wa mtoto, mama. Nimeurudisha."

Penina alichukua moja, akaigeuza juu chini, akaitikisa karibu na sikio lake. "Mbona hausemi?" Alikuwa mtu wa mzaha hata msibani, ndiyo njia yake ya kusimama. Lakini alipoona picha aliweka ndizi chini. "Mwanamke huyu hana mtoto," alisema. "Wimbo ni wa mtoto, na mtoto hayumo."

Walichimba pembeni ya kaburi, wakazifukia zote. Mume wake, Aminieli, alishindilia udongo kwa miguu. Ndeshi alikaa pale mpaka umande ulipoanza. Tumboni alikuwa na mimba iliyokwisha kuanza kucheza, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, alijaribu kutafuta wimbo mpya. Ulikuja kidogo, sauti mbili tatu, kama maji yanapoanza kutoka kwenye mfereji uliosafishwa. Alilala akiwa na matumaini.

Sikukuu ya Kaizari, mfalme wa Wajerumani, ilipofika, mashamba yote ya Usa yaliagizwa kupeleka ndizi na kuku Arusha, bomani. Ndeshi alikwenda na wanawake wengine, mzigo kichwani na tumbo mbele. Sadoki alikuwa ametangulia na gari la Bibi akachome nyama.

"Wewe na tumbo hilo ungebaki," Sadoki alimwambia alipofika. "Ukizaa hapa, mtoto ataitwa Kaizari, tutamlipia kodi."

"Wewe geuza nyama yako, inaungua."

Mbele ya boma walikuwa wametundika bendera na matawi. Askari walipiga gwaride, bwana mkubwa akasema maneno, wazungu wakashangilia mara tatu. Kisha wapiga tarumbeta waliotoka Moshi wakakaa kwenye viti vyao, wakafungua karatasi kubwa zilizokunjwa mara moja.

Ndeshi aliziona hizo karatasi kabla ya kusikia kitu. Alitaka kuondoka, lakini wanawake na vikapu vyao walikuwa wameziba njia.

Tarumbeta zilimwita mwanawe mbele ya watu wote. Wazungu walipiga makofi kwa sauti za kwanza tu, waliujua. Walishikana viunoni wakaanza kuzunguka. Kijana mmoja mwenye masharubu mapya, aliyekuja na meli ya juzi, aliuimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na wenzake wakamwitikia. Watoto wa askari, ukutani, walikuwa wamekwisha kuushika, walipiga mluzi.

"Sadoki," Ndeshi alisema. "Wewe unasikia Kijerumani. Wanasema nini?"

"Achana nao."

"Nimekuuliza, kaka yangu."

Sadoki aligeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa. "Wanasema kuna mwanamke mweusi kando ya ziwa. Mwanajeshi alimpenda, akaondoka na meli. Basi mwanamke analia, anamwita arudi. Upuuzi tu."

"Na mtoto?"

"Hakuna mtoto."

"Jina lake?"

"Hakuna jina, dada. Hakuna."

Bibi Elsbeti alikuwa katikati ya wanaocheza, mikononi mwa mumewe. Alimwona Ndeshi kati ya vikapu, akajitoa, akaja moja kwa moja na kofia imemwenda upande.

"Sikuwaomba mimi," alisema kwa haraka. "Walikuja nao wenyewe."

"Ulisema ziko dukani."

"Nilijaribu kukwambia. Zilikwisha, zikachapwa tena. Wanaupiga kwenye mikahawa. Wazee wenye vinanda vya kuzungusha kwa mkono wanaupiga njiani. Kaka yangu anasema hata wanaouza maziwa wanauimba."

"Mwandikie anyamazishe."

"Ndeshi, yeye mwenyewe hawezi tena. Uko midomoni mwa watu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa glavu. "Ningeweza ningeurudisha. Nina mtoto na mimi."

Ndeshi alimtazama. Hakuwa na hasira naye. Ingekuwa nafuu kuwa nayo. Alikuwa anafikiria mji mkubwa asioujua, njia nyingi, na katika kila njia mtu mmoja anaita, na mwanawe mdogo, ambaye alikuwa hajajua hata kutembea vizuri, anageuka huku, anageuka kule.

"Amechoka," alisema. "Bibi, mwanangu atakuwa amechoka sana."

Aliacha kikapu pale, akashika njia ya Usa peke yake.

Alizaa mvua za kwanza zilipoanguka. Alikuwa msichana, mweusi wa kupendeza, mwenye sauti. Walikubaliana aitwe Tabitha. Siku ya kumpa jina wanawake wa ukoo walijaa nyumbani, wakapakuliwa ndizi na maziwa, wakafuta midomo, wakanyamaza kusikiliza wimbo.

Ndeshi alimpakata mtoto. Zile sauti mbili tatu alizokuwa amezipata zilikuwa zimemkimbia tangu ile siku ya boma. Kila alipofungua mdomo, wimbo uliokuja ni ule ule wa Kaanaeli.

"Anza, mwanangu," Penina alimwambia kwa upole.

"Sina, mama. Huyu sijapata wa kwake. Kaka yake hajanyamaza."

Wanawake walitazamana. Shangazi mmoja alisema basi tumwimbie wa kanisani, mtoto asikae bure. Ndeshi alisimama, akatoka nje na mtoto kifuani, nao wakamfuata, wengine wamejifunika vichwa kwa sababu ya manyunyu. Alikwenda mpaka kati ya migomba, kwenye kaburi.

"Mmenifundisha niufunge wimbo wake mdomoni," alisema, hakuwageukia. "Nimeufunga. Lakini kule Ulaya wanamwita kila siku, na wanamwita bila jina. Anageuka, anakuta si yeye anayetakwa. Siwezi kuwanyamazisha. Basi na mimi nitamwita. Akigeuka, angalau akute ni mama yake."

"Ndeshi," shangazi alisema, "ni mwiko."

Ndeshi akaimba. Aliuimba polepole, mwendo wake wa zamani, wa mchana wa joto na mkeka. *Kaanaeli, mkono mdogo.* Sauti ilimkatika kwenye neno *ukungu*, akaanza tena. Wanawake walisimama, maji yakiwatiririka usoni, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Penina ndiye aliyeitikia wa kwanza. Hakuwa na sauti nzuri, alijulikana kwa hilo ukoo mzima. Alisogea akasimama begani kwa mke wa mwanawe, akaita jina la mjukuu wake kwa nguvu, jina peke yake, kila Ndeshi alipofika mahali pake. Mwingine akafuata. Shangazi alikawia, kisha naye akaita.

Walipomaliza, Tabitha alikuwa macho, anatazama majani yanavyodondosha maji. Ndeshi alimfunika kichwa.

"Na wewe nitakutungia," alimwambia. "Nisubiri kidogo, mama yangu."

Tabitha akaota meno, akasimama dede, akatembea. Jioni nyingi mama yake alimtembeza kati ya kahawa akimvumia kitu kisichokuwa na mwanzo wala mwisho, akijaribu, akiacha, akijaribu. Wimbo wake ulikuwa bado haujafika.