Kichwa cha Safari Ndefu

Mshika bendera, mama wa makamo, alikuwa anafunga ndoano ya behewa la nne la saruji aliposikia mngurumo usio wa hapa. Miaka kumi na tisa kwenye yadi ya treni ilimfundisha kuvijua vichwa vya treni kwa sauti. Vya kupanga mabehewa ni vifupi, vichafu, vinakohoa. Hiki kilikuja kirefu, kimetulia, rangi ya samawati bado inanuka, mithili ya bwana harusi aliyetumwa kumwaga taka.

"Kipya hicho, kimenunuliwa juzi," alisema msimamizi, mikono mfukoni, viatu vikimeta. Cheo alipewa na mjomba wake. Ndoano hajawahi kuigusa.

"Kipya cha safari ndefu, kije kusukuma saruji, bosi?"

"Wewe kazi yako bendera."

Mama akakizunguka. Chini ya ngazi aliona kiraka cha chuma, mshono umelalia upande. Kazi ya shemeji yake mchomeleaji, hakuna mwingine anayechomelea ovyo vile. Kichwa hiki kiliondolewa njia kuu miaka sita iliyopita kwa ubovu wa breki. Wakubwa wamekipaka rangi, wakakinunua tena.

"Breki vipi, kaka?" alimuuliza dereva.

"Zinashika zikijisikia, dada."

Mama akamrudia msimamizi. "Siingii katikati ya mabehewa na hiki kinasukuma. Ni kile kizee kilichoondolewa kwa breki mbovu."

"Una cheti cha ufundi?"

"Sina."

"Basi funga domo, uingie."

"Tangulia wewe bosi, nikupungie."

Vibarua wakaangua kicheko. Msimamizi akatoa macho. "Dereva, sukuma! Huyu mama aone!"

Mama aliona. Wote waliona. Dereva alivuta breki kwa mikono miwili, hazikushika. Mabehewa yakapitiliza mwisho wa reli, yakabomoa ukuta, yakaingia ofisini kwa msimamizi bila kubisha hodi. Hakuumia mtu, kwa kuwa aliyetakiwa kuwa katikati alikuwa pembeni.

Saa tisa karatasi ilikuwa tayari imechapwa. Chanzo cha ajali: uzembe wa mshika bendera.

"Saini," alisema msimamizi, saruji kwenye nyusi. "La sivyo kesho usije."

Mama akaisoma mara mbili. Penye saini akaandika kwa herufi kubwa: BREKI MBOVU. ALIAMBIWA.

"Umejifukuzisha," msimamizi alisema, akinyoosha mkono aichukue.

Dereva akajifuta viganja kwenye ovaroli.

"Ngoja bosi. Hiyo kalamu nipe na mimi."