Vifungo Vitatu vya Pajani

Kama kila asubuhi, fundi cherehani aliinama kando ya kitanda kutazama mfuko wa mkojo wa mumewe. Siku nyingine huwa na nusu lita. Leo ulikuwa na mkojo wa kufunika kidole tu.

"Vipi?" mumewe akauliza.

"Pakavu, bwana."

"Basi idara ya maji imenikatia na mimi." Alicheka, kisha akakunja uso. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limejaa, gumu. Mkewe aliunyoosha mpira wa kutolea mkojo, akatafuta kama umejikunja mahali. Wapi! Ulikuwa umeziba huko ndani, na mpira ukiziba haungojewi.

Alimvalisha ile suruali. Kwa nje ni suruali kama nyingine. Ndani, pajani, aliishonea mfuko wa kitambaa laini wa kuficha ule wa mkojo, wenye vifungo vitatu vya kufungulia pembeni. Aliishona baada ya mumewe, fundi rangi aliyezoea kuimba juu ya ngazi, kukaa miezi miwili bila kuvuka mlango kwa haya. Tangu hapo hata jirani wa ukuta mmoja hajui kitu.

Kwenye dirisha la zahanati, karani alitazama kadi, mtu hakumtazama.

"Tarehe ya kubadilisha mpira ni Ijumaa. Leo Jumatano."

"Umeziba, mwanangu. Ana maumivu."

"Mama, mipira inatoka kwa tarehe. Nikikupa leo, Ijumaa nitaandika nini?"

"Andika kwamba mume wangu hakufa."

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. "Kama ni dharura, leteni barua ya daktari."

"Daktari yuko wapi?"

"Anakuja Ijumaa."

Fundi cherehani alihisi machozi ya hasira yakimlenga. Aligeuka, akamwona mumewe ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, mkono uko pajani. Anafungua vifungo.

"Bwana wee, watu wote hawa…"

"Niache, mke wangu."

Akautoa mfuko, akajikokota nao hadi dirishani, mpira wake ukiwa bado umemshika mwilini, akauweka juu ya daftari la karani. "Mkojo wangu wa tangu jana jioni ndio huo. Haya, andika."

"Toba!" mwanamke mmoja akasema nyuma. "Mpisheni mgonjwa, jamani!"

Nesi alisikia kelele, akatoka. Aliuona mfuko, akamshika mgonjwa mkono amwingize ndani.

"Lakini tarehe yake…" karani akaanza.

"Tarehe haikojoi, kaka," nesi akamkata.

Ndani, mpira mpya ulipoingia, mkojo ulitoka kwa nguvu, na fundi rangi akafumba macho, akaubana mkono wa mkewe mpaka vidole vikamuuma. Mkewe hakuutoa. Alikuwa anampenda mtu huyu, na leo alikuwa karibu kumpoteza kwa siku mbili za kalenda.

Walipopita dirishani, karani alirudisha kadi. Kwa wino mwekundu alikuwa ameandika: *Amekuja kabla ya tarehe. Asirudie.*

Nje mkewe aliinama kuurudisha mfuko ndani na kufunga vifungo. Mumewe akamzuia.

"Mshono wako hauna kosa. Ila nimechoka kujificha."

Wakaenda polepole, mkewe upande wa mfuko, usije ukagongwa. Mlangoni kwao jirani alikuwa anaanika nguo. Akautazama mfuko, akasahau nguo mkononi.

"Shemeji, hicho nini?"

"Mkojo, jirani," fundi rangi akajibu. "Na leo umetoka."